Gita Moja, Sauti Mbili

Watu wengi hudhani kwamba gita ni chombo cha kumsindikiza mwimbaji tu. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku niliyomsikia mtu akipiga peke yake, nikamtafuta kwa macho mwenzake. Hakuwa na mwenzake.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa muziki wa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyepiga besi kwa kidole gumba na wimbo kwa kidole cha shahada. Huko Hispania, Francisco Tárrega (1852–1909) alizigeuza tungo za piano zipigike kwa gita. Naye Andrés Segovia, mwaka 1935, alipiga mjini Paris Chaconne ya Bach, iliyoandikwa kwa fidla.

Basi kazi hii hufanywaje? Kwanza, jifunze kuuimba wimbo kwa kinywa. Pili, chagua ufunguo ambao besi zake huangukia nyuzi nene zilizo wazi, ili mkono wa kushoto upate nafasi. Ndiyo maana wengine huulegeza uzi wa sita kutoka E mpaka D. Tatu, punguza. Mpiga piano hutumia vidole kumi. Sisi tuna nyuzi sita, na vidole vinne tu vya kuzikandamiza. Shika wimbo, shika besi. Noti za katikati zisizofikika ziache. Nne, kidole gumba kipewe nyuzi tatu nene. Cha shahada, cha kati na cha pete, kila kimoja uzi wake mwembamba.

Mimi nilikosea hapo pa tatu. Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Chovai na gita. Uzi wa kwanza ukakatika, nikafunga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Haikuwa ajabu, kwa kuwa tangu miaka ya 1940 nyuzi za gita la namna hii hufanywa kwa nailoni badala ya utumbo wa wanyama. Nikapiga Träumerei ya Schumann, utungo wa piano wa mwaka 1838, nikijitahidi nisiache hata noti moja. Baba alikuwa akishona jarife. Nilikuwa nimemwomba ruhusa niendelee na muziki nikimaliza shule mwaka huu.

Akasema, "Mwanangu, vidole navisikia. Wimbo u wapi?"

Niliona haya. Kila jioni nikatoa noti, nikapiga polepole, kipande kidogo kidogo. Usiku wa mwisho nilipopiga tena, Baba aliweka sindano chini, akaifuata besi kwa mdomo uliofumbwa. Ruhusa hajanipa bado. Lakini aliniuliza bei ya nyuzi.

Nanyi wadogo zangu mnaoanza, msione haya kuacha noti. Jifunzeni kidogo kila siku, maana haba na haba hujaza kibaba.