Mdomo wa Mpira wa Maji: Chagua kwa Ndoo na Saa

Mwaka huu nimepewa nafasi ya kuandika, na nimechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu mtalicheka. Nataka kuzungumza juu ya nozeli, yaani kile kidude kinachofungwa kwenye ncha ya mpira wa maji ili maji yatoke kwa nguvu. Sisi watu wa zamu ya usafi tunakiita mdomo wa mpira, na ndivyo nitakavyokiita hapa.

Msicheke bado. Shule yetu inategemea tangi la lita 5,000. Tangi hilo hilo ndilo linalopikia chakula chetu, ndilo tunalonywea, na ndilo linaloosha vyoo, mitaro na ua siku ya usafi wa jumla. Mpira mmoja ukiachwa wazi hutoa kama lita 20 kwa dakika. Mipira mitatu ikifunguliwa kwa saa moja, hizo ni lita 3,600 zimeenda na mtaro. Zinazobaki ni lita 1,400, na umeme ukipotea, pampu hainyanyui hata tone. Bila shaka mnaikumbuka ile Jumamosi ya muhula wa pili ambapo githeri ililetwa saa tatu usiku. Mitaro ilikuwa inang'aa, sufuria za jikoni zilikuwa kavu! Lakini pia hatuwezi kusema tubane maji tuache kuosha vyoo, kwa maana nzi hao hao watatufuata mezani na magonjwa ya kuhara yatatumaliza. Basi haja yetu ni kuosha vizuri kwa maji machache, na hapo ndipo mdomo wa mpira unapoingia.

Jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi anapaswa kulielewa ni kwamba mdomo hauzai presha. Nenda kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, utakuta pakiti zimeandikwa kwa herufi kubwa ati "presha ya juu", na picha ya mtu anayepasua matope kama radi. Debe tupu haliachi kuvuma. Presha, au shinikizo kama wasemavyo wenye Kiswahili sanifu, inatoka huko yanakotoka maji. Kama maji yako yanatoka kwenye tangi lililoinuliwa, kila mita 10 za kimo hukupa takriban baa 1. Tangi letu limeinuliwa kama mita 6 juu ya ua, kwa hivyo tuna baa 0.6 na hakuna zaidi. Hata ukifunga mdomo wa dhahabu, hiyo 0.6 haigeuki kuwa 2.

Mtaalamu wa Italia, Evangelista Torricelli, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1640. Alionyesha kuwa maji yanayotoka kwenye tundu la chombo hutoka kwa kasi ile ile ambayo kitu kingeipata kikianguka kutoka kimo cha uso wa maji. Tukifanya hesabu ya mita zetu 6, tunapata kasi ya karibu mita 11 kwa sekunde. Huo ndio mwisho wa safari. Mdomo mzuri hutusogeza karibu na mwisho huo, lakini hauwezi kuuvuka.

Sasa mtaniuliza, "Kama mdomo hauongezi presha, mbona tukibana ncha ya mpira kwa kidole maji yanaruka mbali?" Swali zuri! Hebu fikirieni mtu aliyetumwa mjini kununua vitu kwa shilingi mia mbili. Akipanda matatu ghali, nauli yote inaishia njiani, na anafika dukani mikono mitupu. Ndivyo ilivyo kwa maji. Yanapokimbia kwa wingi ndani ya mpira mrefu husuguana na kuta zake, na presha karibu yote huliwa njiani. Yakifika kwenye ncha yanamwagika tu kama uji. Ukifunga mdomo wenye tundu dogo, maji machache hupita, msuguano hupungua sana, nauli inakuwa ndogo, na presha inafika hadi mwisho. Hapo mdomo unaigeuza presha hiyo kuwa kasi.

Ili nisiwe mtu wa maneno matupu, tuliomba ruhusa ya mwalimu wa Fizikia tupime. Tulichukua ndoo ya lita 20, saa ya mkononi, na mpira wetu wa robo tatu ya inchi wenye urefu wa mita 30. Mpira ukiwa wazi, ndoo ilijaa kwa dakika moja. Kasi ya maji kwenye ncha, kwa hesabu, ni kama mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea tu. Tulipofunga mdomo wenye tundu la milimita 5, ndoo ilijaa kwa dakika mbili, na kasi ikawa kama mita 8.5 kwa sekunde. Yaani maji nusu, kasi mara saba! Kisha tukafunga mdomo wa milimita 3. Ndoo ilichukua dakika tano kujaa, na kasi ilipanda kidogo tu hadi mita 9.4 hivi.

Tazameni vizuri hesabu hizo, kwa sababu siri yote ya kuchagua iko hapo. Kutoka mpira wazi hadi milimita 5 tumepata faida kubwa. Kutoka 5 hadi 3 tumepoteza zaidi ya nusu ya maji na tumepata kasi kiduchu. Mwale wa milimita 3 unachoma ndiyo, lakini haubebi taka. Unang'oa tope mahali padogo kama sarafu na kuliacha hapo hapo. Kuosha sakafu kunataka mambo mawili, kasi ya kung'oa na maji ya kusukuma. Kwa tangi kama letu, tundu la kati linashinda. Shule yenye maji ya bomba la mji yenye presha ya baa 3, kwa mfano, itapata kipimo tofauti. Ndiyo maana nasema usinunue kwa kusoma pakiti. Pima kwanza kwa ndoo na saa maji uliyo nayo.

Mpira wenyewe pia usiusahau. Mpira wa nusu inchi wenye urefu huo huo wa mita 30 ungekula karibu nguvu yetu yote kwa kupitisha lita 10 tu kwa dakika. Kwa hivyo, kabla ya kulaumu mdomo, uliza kama mpira ni mwembamba au mrefu kupita haja. Kuukata ama kutumia mfereji ulio karibu huenda kukafaa kuliko kununua kitu kipya.

Midomo inayouzwa madukani ni ya aina nyingi, lakini nitaigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ule mnyoofu wa shaba unaozungushwa. Ukiuzungusha huku unatoa mwale mmoja mkali, ukirudisha nyuma unatawanya maji, ukiendelea unafunga kabisa. Hauna mapambo, lakini tundu lake unaweza kulipunguza au kulipanua mwenyewe kulingana na kazi. Fungu la pili ni ule wa umbo la bastola, ambao maji hutoka unapobana na kukatika unapoachilia. Mara nyingi huwa na kichwa cha kuzungusha chenye mitindo mingi: mwale, bapa, manyunyu na ukungu. Fungu la tatu ni ule wa bapa peke yake, unaotoa maji mapana kama ufagio. Huo ni mzuri sana kwa sakafu ya saruji na veranda.

Mimi nilipoombwa na mwalimu wa zamu nitoe maoni, nilipendekeza shaba kwa mitaro na vyoo, na bastola kwa ua na madirisha. Sababu ya bastola ni hii: mtu anayeosha hutumia muda mwingi kusogeza viti, kuokota karatasi na, tuseme ukweli, kupiga gumzo. Mpira wa kawaida humwaga maji muda huo wote. Bastola inajifunga yenyewe. Mdomo ukitoa lita 10 kwa dakika na ukawa wazi nusu ya muda, mipira mitatu kwa saa moja itatumia lita 900 badala ya zile 3,600. Lita 2,700 zinabaki tangini. Mpishi mkuu hataki kusikia habari nyingine!

Kuhusu kilichotumika kuutengeneza, shika mdomo mkononi na uupime uzito. Shaba ni nzito, ina rangi ya manjano hadi ndani, na haishiki kutu kama chuma. Kuna mingine ya plastiki iliyopakwa rangi ya shaba ikudanganye. Shule iliwahi kununua mmoja wa namna hiyo katika duka moja ambalo sitalitaja, kabla mimi sijawa kiranja wa usafi. Wiki mbili tu, ukapasuka shingo. Kwa hivyo chungulia ndani ya tundu, kwa maana mpaka rangi hawafiki huko. Kisha ubane na kuuachilia mara kumi hapo hapo dukani uone kama springi inarudi vizuri. Angalia kama kuna kipete cha mpira kwenye maungio, maana bila hicho maji yatakuoga wewe badala ya sakafu.

Angalia pia meno ya kufungia. Mabomba yetu hapa Kenya hufuata vipimo vya Uingereza, ambapo ungio la robo tatu ya inchi lina meno 14 kwa kila inchi. Ungio la mipira ya bustani ya Marekani lina meno 11 na nusu. Yote mawili huitwa "robo tatu", lakini hayaoani. Ukipewa zawadi na mjomba aliye ng'ambo, ijaribu kwanza polepole, usiilazimishe kwa koleo ukaharibu vyote viwili. Njia rahisi ni kutumia ungio linaloingia ndani ya mpira na kukazwa kwa klipu ya chuma.

Nisimalize bila kutaja usalama. Fagia taka kavu kwanza, kisha osha kutoka juu kuelekea chini, ukiinamisha maji kuelekea mtaro. Usielekeze maji kwenye swichi, soketi wala taa. Usiache ncha ya mpira ndani ya ndoo ya maji machafu au mtaroni. Presha ikishuka ghafla, kwa mfano bomba la chini likipasuka, uchafu huo unaweza kufyonzwa kurudi kwenye bomba letu la maji ya kunywa. Hapo usafi umegeuka kuwa sumu. Na ukimaliza, funga mfereji wenyewe, usitegemee mdomo peke yake, la sivyo mpira utakaa umevimba juani mpaka upasuke.

Wenzangu wengi wameona zile mashine za kuoshea magari mjini na kutamani nguvu yake. Elewa kwamba hiyo ni ukoo mwingine kabisa. Mashine ya baa 100 ni sawa na kuweka tangi juu ya mnara wa mita 1,000. Midomo yake huwa na rangi kuonyesha upana wa maji: nyekundu ni nyuzi 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Ule mwekundu unaweza kutoboa ngozi na kupenyeza maji ndani ya nyama. Mtu akipatwa na hilo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kama cha sindano. Usifunge kamwe mdomo wa bustani kwenye mashine ya namna hiyo, wala usimwelekezee mtu maji hayo kwa mzaha.

Mwisho ni utunzaji. Maji ya kisima huacha chokaa na mchanga kwenye matundu. Kila mwezi fungua mdomo, utikise, usugue kwa mswaki wa zamani, na ukiona weupe, uloweke katika siki kwa nusu saa kisha uusuuze. Usiuburute sakafuni, na usiuache nje usiku kucha, maana hutaukuta!

Nafasi niliyopewa imekwisha na wino unakauka, kwa hivyo nikomee hapa. Atakayetumwa kununua mdomo mwingine wa shule asiende na pesa peke yake, aende na hesabu: ndoo yake inajaa kwa dakika ngapi, tangi liko juu kiasi gani, na mpira ni wa inchi ngapi. Muuzaji akianza kuimba sifa za pakiti, amwonyeshe karatasi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na lita na lita hupika githeri ya saa kumi na mbili unusu. Wasalaam.