Mboga zanyauka langoni huku watoto wakila githeri tupu

Kengele ya chamcha inapolia katika shule nyingi za msingi humu nchini, huna haja ya kuuliza kimepikwa nini. Jumatatu ni githeri. Jumanne ni githeri. Jumatano huenda ukawa wali kwa maharagwe, Mungu akijalia, kisha Alhamisi githeri inarudi. Watoto hupanga foleni wakiwa na sahani mkononi, mpishi huchota na kumimina, na baada ya muda mfupi sahani zinaoshwa kwenye mfereji.

Hatua chache nje ya lango la shule iyo hiyo, mama mboga amepanga mafungu ya sukumawiki, mchicha na kunde juu ya gunia. Kufikia alasiri jua limekwisha kuyanyausha majani. Yasiponunuliwa jioni, yataliwa na ng'ombe au mbuzi. Wanafunzi waliokula githeri tupu humpita mama huyo wakielekea nyumbani, na huenda huko pia wakapata ugali na mchuzi mwepesi.

Hakuna asemaye kwamba githeri ni chakula kibaya. Mahindi hutia nguvu, nayo maharagwe hujenga mwili, na viwili hivyo vikipikwa pamoja hufaana sana. Lakini watoto hao hao wamefundishwa na mwalimu wao wa sayansi kwamba mlo kamili una makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Kundi la tatu, yaani mboga na matunda, wanafunzi hulichora vizuri kwenye madaftari yao. Kwenye sahani halimo.

Mtoto asiyepata mboga za majani na matunda hukosa vitamini A inayolinda macho na kuuwezesha mwili kupigana na maradhi. Hukosa vitamini C, na bila hiyo mwili hushindwa kutumia vyema madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharagwe. Ndipo unapomwona mtoto aliyeshiba lakini anasinzia darasani, macho yamepauka, damu haitoshi. Mzazi hudhani ni uvivu.

Tulikotoka

Wazazi wengi wa leo wanayakumbuka maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulianzishwa mwaka wa 1979 na Rais Daniel arap Moi, na kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi walingojea kwa hamu pakiti zao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, mpango huo ulikuwa umesambaratika. Malori yalipoacha kuja, hapakuwa na njia nyingine ya kuyafikisha maziwa kwa mtoto, hata katika maeneo ambako jirani wa shule alikuwa akikamua ng'ombe kila asubuhi.

Mwaka wa 1980, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha watoto wa shule katika maeneo kame ya Kenya. Kipimo cha kila mtoto kilikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au jamii yake, gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Chakula hicho kiliwavuta watoto wengi darasani, hasa wasichana na watoto wa wafugaji, na asiyekithamini hajaona njaa. Hata hivyo, tazama tena kipimo hicho. Hakuna jani hata moja ndani yake.

Mnamo 2009 serikali ilianzisha mpango wake, ambapo fedha hutumwa shuleni ili shule inunue chakula karibu nayo badala ya kungoja shehena kutoka mbali. Mpango huo ulianza na watoto zaidi ya nusu milioni, nayo WFP ikaendelea kukabidhi shule zake kidogo kidogo hadi 2018. Nia ilikuwa njema: shilingi inayomlisha mtoto imfaidi pia mkulima wa kijiji hicho. Lakini kilichonunuliwa kiliendelea kuwa kile kile, mahindi na maharagwe, na mara nyingi muuzaji amekuwa mfanyabiashara mwenye ghala na lori, wala si mkulima mwenye robo ekari.

Kwa nini majani hubaki nje

Sababu ya kwanza ni kwamba mahindi hukaa. Mwalimu mkuu hununua magunia mwanzoni mwa muhula, huyafungia stoo, na shughuli yake imekwisha. Sukumawiki haikai siku tatu. Ni lazima inunuliwe kila mara, ipimwe kila mara, na ilipiwe kila mara.

Hapo kwenye malipo ndipo mambo yanapokwama. Fedha za shule zina desturi ya kuchelewa. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kungoja miezi miwili au mitatu, kisha akaongeza gharama ya kungoja kwenye bei yake. Mama mboga hawezi. Pesa anazopata leo ndizo anazonunulia mboga za kesho na unga wa leo. Shule ikimkopa mara mbili, mara ya tatu hatarudi, na hakuna wa kumlaumu.

Sababu nyingine iko jikoni. Kuchambua, kuosha na kukatakata kilo 20 za mboga si mchezo, na shule nyingi zina mpishi mmoja au wawili, moto wa kuni, na maji ya kubebwa kwa mitungi. Mpishi anayelipwa kidogo hataongeza kazi kwa hiari yake.

Kuna pia wanaohofia kwamba mboga zitaleta maradhi. Hofu hiyo si ya bure, kwani kuna mboga zinazonyunyiziwa maji taka mijini, na zingine huvunwa siku chache tu baada ya kupigwa dawa. Lakini mtu asidhani kwamba chakula kikavu ni salama daima. Mwaka wa 2004, mahindi yaliyoota ukungu wa sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 katika sehemu za Ukambani na maeneo jirani. Dawa ya hofu ni kumjua anayekuuzia na kuliona shamba lake, jambo ambalo ni rahisi zaidi mkulima akiwa jirani.

Hesabu ya sufuria

Hebu tupige hesabu. Chukua shule ya watoto 400. Kwa kipimo tulichotaja, mahindi ni kilo 60 kwa siku na maharagwe kilo 16. Tukitaka kila mtoto apate gramu 50 za mboga mbichi, tunahitaji kilo 20. Tuseme tunaanza kwa siku tatu kila wiki: hizo ni kilo 60. Kikundi cha akina mama 15 kinahitaji kila mmoja wao alete kilo nne tu kwa wiki. Hiyo ni kazi ya vitaru vichache nyuma ya nyumba.

Tuseme pia kilo moja ni Sh40. Kwa siku shule itatumia Sh800, yaani Sh2 kwa kila mtoto. Kwa wiki 12 za muhula, kila mtoto atakuwa ametumia Sh72. Upande wa pili, kikundi kitakuwa kimepokea Sh28,800, fedha ambazo hazikutoka kijijini. Bei hupanda wakati wa kiangazi na kushuka wakati wa masika, na kila mahali pana bei yake, lakini hata ukizidisha hesabu hiyo mara mbili, haifiki gharama ya kumtibu mtoto mmoja.

Wengine wameweza

Nchini Brazil, sheria ya 2009 iliamuru kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Haikuwaachia walimu wakuu uamuzi huo. Mkulima alijua kwamba soko lipo, akapanda akijua.

Hapa nyumbani, katika Kaunti ya Busia, mradi mmoja wa miaka ya 2010 uliwafunza wakulima wadogo biashara ya mboga za kienyeji na kuwaunganisha na shule na vituo vya afya. Si ajabu kwamba ilikuwa Busia, maana huko Magharibi na Nyanza watu hawajazisahau mboga hizo: mnavu, ambao wengi huuita managu, mrenda, mitoo, kunde, na saga, yaani mwangani. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizi na kuonyesha kwamba zina lishe ya kutosha kuitwa hazina, ingawa kwa muda mrefu zilidharauliwa kama magugu na chakula cha maskini. Isitoshe, nyingi zake hukomaa upesi na huvumilia ukame kuliko kabeji.

Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 ulichukua njia tofauti: jiko kubwa linalopikia shule nyingi, na mwanafunzi kulipa Sh5 kwa mlo. Jiko kama hilo huwapunguzia walimu mzigo. Litawafaa wakulima wa Kiambu na Kajiado ikiwa litakuwa na mikataba nao.

Shamba la shule

Wapo watakaosema shule ilime yenyewe. Vyema, lakini tusijidanganye. Waliosoma zamani wanazikumbuka 4-K Club, zilizoanzishwa 1962 na kufufuliwa na serikali 2021. Shamba la shule hufundisha mengi, ila ni vigumu kulitegemea peke yake kulisha watoto 400 mwaka mzima. Mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba watoto wako likizoni, na mboga hazijui likizo. Asipopatikana wa kumwagilia maji, muhula ukifunguliwa utakuta mabua.

Kuna jambo jingine. Katika shule nyingi, anayepelekwa shambani ni mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani. Ukimfanya mtoto aone jembe kuwa adhabu, usitarajie akue akipenda kilimo.

Shamba dogo linalotunzwa vizuri linafaa kuwa la kujazia na kufunzia. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Shule isiyo na ardhi inaweza kupanda sukumawiki ndani ya magunia yaliyojazwa udongo na samadi, kama walivyofanya wakazi wengi wa Kibera baada ya 2008. Maji ya kuoshea mikono na vyombo yanaweza kunyunyizwa, mradi hayana sabuni nyingi. Mipapai michache kandokando ya ua itawapa watoto matunda kwa miaka kadhaa.

Yafaayo jikoni

Mboga nzuri huweza kuharibiwa na sufuria. Wapishi wengi hutia majani ndani ya githeri mapema, yakachemka pamoja na mahindi hadi rangi ikageuka kahawia. Joto la muda mrefu huiua vitamini C. Yafuatayo yatasaidia:

Osha majani kabla ya kuyakatakata, si baadaye, ili lishe isimwagwe na maji.

Tia mboga dakika chache za mwisho, githeri ikiwa imekwisha kuiva, kisha funika.

Weka mafuta kidogo. Vitamini A ya mboga hushika mwilini ikipata mafuta.

Msimu wa mapera au machungwa ukifika, mpe kila mtoto tunda moja pamoja na mlo. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa na huuzwa kwa bei ya chini.

Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma. Ingojee saa moja hivi.

Wakati wa masika mboga zinapojaa sokoni, majani ya kunde yanaweza kuanikwa kivulini yakakauka, yakahifadhiwa hadi kiangazi. Bibi zetu walilijua hilo kabla ya friji kuja.

Mzazi, nawe?

Wazazi wengi hufikiri kwamba chakula cha shule ni shauri la mwalimu mkuu na serikali. Sivyo. Kila shule ya umma ina Bodi ya Usimamizi na Chama cha Wazazi, na humo ndimo bei na vyakula hujadiliwa. Mkutano ujao utakapoitwa, usiende kusikiliza matokeo ya mitihani peke yake. Uliza watoto wanakula nini, kimenunuliwa wapi, na muuzaji hulipwa baada ya siku ngapi.

Pendekeza siku tatu za mboga kwa wiki. Pendekeza kikundi kimoja au viwili vya akina mama au vijana vipewe kazi hiyo kwa muhula mzima, bei ikubaliwe mapema, vipimo viandikwe daftarini, na malipo yatolewe kila Ijumaa. Tangu 2013 serikali ilitenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa wanawake, vijana na walemavu. Kikundi kilichosajiliwa kina haki ya kubisha mlango wa shule bila kuomba msamaha.

Fedha za serikali zikichelewa, wazazi wanaweza kuchangia zile Sh72 mwanzoni mwa muhula, ziwekwe kando, zisitumiwe kwa jambo jingine. Asiye na pesa alete mboga, au apewe zamu ya kumsaidia mpishi kuchambua. Mtoto wa mnyonge asitengwe kwenye foleni.

Haba na haba hujaza kibaba. Fungu la mchicha linalonyauka langoni lina thamani mara mbili likiingia ndani: litamkinga mtoto dhidi ya maradhi, na litamtuma mama mboga nyumbani na pesa mkononi. Kinachohitajika ni mtu wa kufungua lango, na mtu wa kulipa siku iliyoahidiwa.