Kompyuta kwa Wanafunzi wa Sekondari: Tuanzie Wapi?

Kila likizo ya Agosti wazazi hutujia na ombi lile lile: "Mfundisheni kijana wangu kompyuta." Tukiwauliza ajifunze nini hasa, jibu huwa ni kupiga chapa, na ikiwezekana apate cheti. Hatuwalaumu. Wameona vijana waliomaliza Kidato cha Nne wakilipa pesa mjini kujifunza programu moja baada ya nyingine, na cheti kikatundikwa ukutani. Lakini vijana hao hao tumekutana nao. Anaandika barua vizuri na kuipamba kwa rangi, halafu akibadilishiwa mashine anakwama, maana hajui hata barua yake ilienda wapi. Alifundishwa kubonyeza. Hakuelezwa ni nini kinachotendeka akibonyeza.

Sisi ni wafanyakazi wa jamii, si wahandisi. Tunayoeleza hapa tumeyapata kwa kufundisha Kidato cha Pili katika ukumbi wa parokia: wanafunzi 36, kompyuta 9, na stima ya kupotea-potea.

Siku ya kwanza hatuwashi mashine yoyote. Tunaweka kompyuta mbovu juu ya meza, tunafungua skrubu, na kila mmoja anashika vitu vya ndani. Kisha tunazungumza habari za jikoni. Diski ni stoo: unga unakaa humo hata taa zikizimwa. Memori ni meza ya kupikia, pale unapoweka unachotumia sasa hivi. Prosesa ndiyo mpishi, afanyaye kazi yenyewe. Basi kwa nini kompyuta yenye memori ndogo hujikokota ukifungua programu nyingi? Meza imejaa, mpishi anashinda akienda stoo na kurudi.

Siku ya tatu stima ilipotea katikati ya zoezi. Waliokuwa wamesevu walikuta kazi yao stooni. Wengine saa nzima ya kazi ilikuwa mezani tu, ikapotea, na wawili walilia. Tangu hapo hatujaulizwa tena kwa nini lazima kusevu. (Mfadhili mmoja alitaka kutununulia betri za akiba. Tulimshukuru, lakini kwa siri tuliona heri zichelewe kidogo.)

Baadaye huja kadi. Tunasimamisha wanafunzi watano mbele, kila mmoja na kadi: 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi ikionyeshwa ni moja, ikifichwa ni sifuri. Tunawaambia watengeneze 21. Wanasukumana, wanahesabu, mwishowe 16, 4 na 1 wanainua kadi, na darasa linasoma 10101. Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake wameandaa masomo mengi ya namna hii, ya kufundisha mambo ya kompyuta bila kompyuta, na kwa ukumbi kama wetu ni msaada mkubwa. Tukiongeza kadi ya 64 na ya 32 tunaandika herufi. Kwa mpangilio unaotumiwa na kompyuta karibu zote, A kubwa ni namba 65, yaani 64 na 1: 1000001. Hapo wanaona kwamba ndani ya mashine hamna herufi wala picha, kuna namba tu.

Hapo ndipo swali la mzazi hujibika pia: kwa nini simu hujaa picha upesi lakini haijai ujumbe? Ukurasa mmoja wa maandishi matupu una herufi kama 2,000, na kila herufi huchukua baiti moja. Picha moja ya simu yaweza kuchukua baiti milioni mbili au zaidi. Picha moja, kurasa elfu.

Kuandika maagizo tunaanza na chai. Mwanafunzi anaelekeza, mwalimu anatenda neno kwa neno. "Weka maji." Tunamwaga maji juu ya meza. Kumbe hakusema sufuria! Baada ya vicheko wanaandika upya, hatua 4 zinakuwa 15. Somo hilo linarudi tukifika kwenye jedwali la hesabu. Tulitumia daftari la chama cha akina mama, lenye wanachama 10, na jumla ilikuwa sawa. Mwanachama wa 11 akaandikwa chini, na jumla haikubadilika. Shilingi 500 zake zilikuwa nje ya hesabu. Mashine haikukosea, tulikuwa tumeiambia ijumlishe mistari 10. Mweka hazina asiyejua hilo anaweza kuitwa mwizi bure.

Jambo moja lilitusumbua kuliko stima. Wanafunzi wanne kwa kompyuta moja, na mausi imeshikwa na mvulana tangu asubuhi hadi jioni. Wasichana wanatazama. Kuwakemea hakukusaidia. Tukaweka sheria: aliyeshika kibodi hagusi kitu mpaka mwenzake amwelekeze kwa maneno, na kila dakika 10 wanabadilishana. Wavulana walinung'unika wiki nzima. Lakini anayeelekeza lazima awe ameelewa, hawezi kubahatisha kwa kubonyeza-bonyeza, na kwa hiyo hata wao walianza kuuliza maswali mazuri zaidi.

Somo la usalama tulikuwa tumeliweka mwisho. Tulikosea. Katikati ya kozi msichana mmoja hakuja siku mbili. Mtu alikuwa amepiga simu ya mamake akijifanya ni wa ofisi, akamwambia kuna namba sita zimetumwa kwa ujumbe, azisome. Mama hasomi vizuri, basi binti akamsomea. Karo ya muhula ikaenda. Sasa jambo hili tunalifundisha wiki ya kwanza, tena kwa sababu yake: kampuni haiwezi kukuona uso, hivyo hutuma namba kwenye simu yako ili kuhakikisha ni wewe unayeishika. Ukimpa mtu namba hizo, mbele ya mashine yeye ndiye wewe. Ofisi ya kweli haina haja ya kukuuliza namba iliyokutumia yenyewe. Binti alirudi, na tulimwomba mama ruhusa kabla ya kueleza kisa hiki.

Siku hiyo tulizungumzia pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo inataka habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Tulieleza vizuri sana, tukajisifu moyoni. Kisha mkono ukainuka nyuma. "Na ile orodha ya mlangoni, mwalimu?" Tulikuwa tumebandika majina yao wote, tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi, kila mpita njia akisoma. Tuliibandua kabla ya chai.