Hadithi Isifute Jasho la Watu

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Njia ya mtunzi wa riwaya anayeandika habari za jana ni fupi zaidi, kwa kuwa wale waliokuwako jana wangali hai, na wanasoma.

Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 1963, saa inagonga mjini Roma hali watu wanakula njama ya kumwua Caesar. Saa ya namna hiyo haikuwako duniani ila baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Twalicheka kosa hilo na kuendelea kusoma, maana hakuna Mroma wa siku zile atakayekuja kulalamika. Lakini mtunzi wa riwaya ya Tanganyika ya miaka ya 1950, au ya Tanzania ya miaka ya 1970, hana nafasi hiyo.

Na tutoe mifano. Mtunzi akimketisha shujaa wake katika mkutano wa TANU mwaka 1953, amekosa: TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na kabla yake kilikuwapo chama cha TAA. Akimfanya mfanyakazi wa bandarini ajiite Mtanzania usiku wa Uhuru, Desemba 1961, amekosa: Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili, 1964, na jina la Tanzania likaja Oktoba ya mwaka ule ule. Akimlipa mshahara wa mwaka 1965 kwa noti yenye picha ya Mwalimu, amekosa tena, kwa sababu mpaka Juni 1966 fedha yetu ilikuwa shilingi ya Afrika ya Mashariki, tuliyoshirikiana na Kenya na Uganda. Akimpandisha daladala mwaka 1968, wazee wa Dar es Salaam watatikisa vichwa: wao walipanda mabasi ya DMT, kisha UDA kuanzia mwaka 1974, na daladala zikaja katika miaka ya 1980.

Huenda msomaji akauliza: Je, hayo si mambo madogo? Mengine ni madogo kweli. Lakini yako makosa yanayofuta kazi ya watu.

Tuseme mtunzi amemsafirisha kijana kwenda Mbeya kwa reli ya TAZARA mwaka 1968. Mwaka ule hapakuwa na taruma hata moja lililolazwa. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipakiwa katika malori, nayo shaba ikarudi kwa malori, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Ajali zilikuwa nyingi hata barabara ile ikapewa jina la Jehanamu. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Ni kilometa 1,860, zilizojengwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China, na Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika kazi hiyo. Mtunzi wetu ameyafuta hayo yote kwa mstari mmoja wa kalamu. Ameifanya reli ile kama mti uliojiotea wenyewe porini.

Mtunzi mwingine atampandisha abiria garimoshi Kigoma na kumteremsha Mbeya bila ya kubadili behewa. Mfanyakazi yeyote wa reli atamcheka. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, ili ipatane na reli za Zambia na za kusini. Magurudumu ya behewa la huku hayawezi kwenda kule.

Wako watakaosema kwamba mtunzi ana uhuru wa kubuni. Ni kweli, wala hatutaki kumnyang'anya. Na abuni watu, vijiji, mapenzi na misiba. Asibuni kalenda. Na akiigeuza kwa makusudi, basi amwambie msomaji katika dibaji.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, mtunzi na aandike orodha ya miaka ya hadithi yake. Kisha aende Nyaraka za Taifa akasome magazeti ya siku zile. Zaidi ya yote, amwendee dereva mzee wa malori, kuli wa bandarini, na mama aliyeuza kadi za Chama nyumba kwa nyumba, awasomee aliyoyaandika.

Vijana wengi wataijua miaka ile kwa njia ya riwaya kuliko kwa vitabu vya historia. Wakifundishwa kwamba reli ilikuwako tangu zamani, hawatauliza ni nani aliyeijenga. Hatuna budi kuwafanya waulize.