Somo la Afya: Daktari Asemapo "Jibu Halina Uhakika"

Viongozi wa vikundi, wakaribisheni akina mama wakae karibu na redio. Akina baba pia msiondoke, kwa maana mara nyingi ninyi ndio mnaoshika nauli.

Tuseme mama mmoja wa Ruangwa ameona uvimbe katika titi. Hauumi. Hospitali ya wilaya imempeleka hospitali kubwa zaidi, na huko daktari amemchoma sindano nyembamba, akavuta chembe hai kidogo ili zipimwe. Baada ya majuma kadhaa karatasi imerudi: si saratani kwa hakika, wala si salama kwa hakika.

Nyumbani mume anasema, "Alhamdulillahi, hawakuandika saratani. Tungoje mnada wa korosho." Mjomba wake, ambaye katika ukoo wa Wamwera neno lake lina uzito, anasema, "La, titi likatwe lote upesi." Wote wawili wanampenda mama huyu, na wote wawili wamekosea. Karatasi ile ni swali ambalo halijajibiwa, na kazi ya sasa ni kulimaliza.

Kwanza tujue jibu la namna hii hutoka wapi. Pengine chembe zilizovutwa ni chache mno, au zimechanganyika na damu, basi mpimaji hakuona kitu cha kuamua. Hapo dawa yake ni kupima tena, na ikiwezekana sindano iongozwe kwa picha ya ultrasaundi. Pengine kipande cha nyama kilichelewa kutiwa katika formalini, ile dawa ya kuzuia kuoza. Kipande chatakiwa kitiwe humo ndani ya saa moja, na dawa iwe nyingi kama mara kumi ya nyama yenyewe. Kikiachwa kikavu au katika maji matupu, hata mtaalamu hodari hataona vema kwa hadubini. Kosa hilo si la mgonjwa, lakini hasara ni yake.

Namna nyingine ni kwamba chembe zimeonekana vizuri, lakini zenyewe zi katikati. Hapa sikilizeni kwa makini, maana maneno mawili hufanana. Kwa hesabu za wataalamu wa dunia juu ya sindano nyembamba, kati ya wanawake 100 walioandikiwa "chembe zisizo za kawaida", kama 15 hukutwa na saratani baadaye. Lakini kati ya 100 walioandikiwa "yashukiwa kuwa saratani", 85 au zaidi hukutwa nayo. Basi mtu asikubali kuambiwa tu "haieleweki". Na aulize hivi:

"Shikamoo, daktari. Naomba unisomee neno lililoandikwa hapa. Je, chembe hazikutosha, au zimetosha ila si za kawaida?"

"Marahaba, mama. Zimetosha, ila si za kawaida."

"Na mkono wako umeonaje uvimbe huu? Na picha imeonyesha nini?"

Swali hilo la pili ni kubwa. Daktari hupima kwa mambo matatu: mkono, picha na chembe. Yote matatu yakisema mamoja, uamuzi huwa mwepesi. Yakipingana, hupimwa tena kwa sindano nene ikatayo kipande chembamba kama njiti ya kiberiti. Kama sindano nene imekwisha kutumika na jibu bado li katikati, daktari aweza kushauri kuutoa uvimbe wenyewe ukapimwe wote. Kutoa uvimbe si kukata titi. Mweleze mjomba hivyo.

Jambo jingine, ambalo wengi hawalijui: vioo vilivyopimwa, na kile kipande cha nyama kilichogandishwa katika nta, huhifadhiwa maabara. Vyaweza kuombwa visomwe na mtaalamu wa pili, kwa mfano Muhimbili, bila kumchoma mama tena. Safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Ni vibaya kufika Ocean Road mikono mitupu, kwa kuwa daktari wa saratani hutaka jibu la nyama kabla ya kuanza tiba. Chukueni karatasi zote na picha zote, nanyi mbaki na nakala.

Daktari akisema mama asubiri, aandike tarehe ya kurudi. Mara nyingi ni baada ya miezi 3 hadi 6. Uvimbe ukikua, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, chuchu ikazama au ikatoa damu, au ukatokea uvimbe kwapani, asingoje tarehe hiyo.

Sasa zimeni redio mzungumze. Swali ni hili: katika kijiji chenu, mama akiandikiwa kurudi mwezi wa kulima, nani atashika jembe lake, na nauli itatoka wapi?