Daftari la Maradhi Wakati wa Vita

Watu wengi hudhani kwamba vitani adui ni mmoja tu, yule aletaye moto na risasi. Lakini nyuma yake hufuata adui wa pili asiyeonekana, naye ni maradhi ya kuambukiza. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mitaa ya London ilivyomkabili adui huyo katika Vita Vikuu vya Pili.

Tangu tarehe 7 Septemba 1940, kwa muda wa siku 57, ndege za Kijerumani ziliupiga mji huo mabomu karibu kila usiku. Katika mtaa wa Bethnal Green watu walikimbilia kituo cha reli ya chini ya ardhi ambacho ujenzi wake ulikuwa haujakwisha, wakatiliwa humo vitanda vipatavyo 5,000. Fikiri, ewe msomaji: maelfu ya watu, wakubwa kwa wadogo, wakivuta hewa moja usiku kucha!

Kinga ya kwanza ilikuwa daftari. Sheria ya mwaka 1889 ilimlazimu mganga, na hata mkubwa wa nyumba, kumpa habari Mganga wa Afya wa mtaa kila yalipozuka maradhi kama ndui, dondakoo au homa ya matumbo. Habari hizo ziliandikwa, ikajulikana maradhi yameanza wapi na yaelekea wapi. Mgonjwa alitengwa, matandiko yake yakasafishwa, na waliokaa naye wakaangaliwa. Wakati wa mabomu kazi hiyo ilikuwa nzito, kwani nyumba iliyoandikwa jana huenda leo ni kifusi.

Amma daftari huonyesha maradhi, wala haliyaondoi. Mwaka 1940 dondakoo, limzibalo mtoto koo hata akakosa pumzi, liliua watu karibu 2,500 katika Uingereza na Wales, wengi wao watoto. Mwisho wa mwaka huo serikali ikaanza kutoa chanjo bure kila mahali. Wazazi hawakulazimishwa, waliombwa tu. Wakawapeleka watoto wao, na mwaka 1950 waliokufa kwa dondakoo walikuwa 49.

Basi tuzingatie, enyi wazazi. Daftari la mganga halina faida ikiwa sisi twamfunika mgonjwa chumbani kwa haya au kwa khofu ya maneno ya majirani. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba huenda kikamchukua na mtoto wa jirani.