Uzamivu wa Saikolojia Tiba: Swali Liko Pemba Kabla ya Chuo

Mhitimu wa Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, akitaja kwamba anataka kusoma saikolojia tiba hadi shahada ya uzamivu, ushauri wa kwanza anaopewa ni wa nchi: nenda Uingereza, nenda Marekani, jaribu Malaysia. Ushauri huo unaanzia mwisho. Kabla ya nchi inapasa ijulikane anataka nini: kutibu watu, kufanya utafiti, au vyote viwili. Si kila shahada inayobeba neno saikolojia inampa mtu ruhusa ya kutibu. Wapo wanaomaliza miaka minne wakiwa na tasnifu nzuri na hawajawahi kukaa na mgonjwa hata mmoja.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa huchanganywa na nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Yeye huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba kwa kawaida haandiki dawa. Hupima akili na hisia kwa vipimo vilivyothibitishwa, hutafuta kinachoendeleza tatizo, na hutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu na mazoezi ya kubadili mwenendo. Mzazi aliyejifungua na hana hamu hata ya kumshika mwanawe, mchumaji aliyeanguka mkarafuu na sasa hawezi kutembea, mtoto wa skuli anayechelewa kusema: hao ni wagonjwa wake.

Fani hii ilipata kliniki yake ya kwanza mwaka 1896, Lightner Witmer alipoifungua katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kuwasaidia watoto wenye matatizo ya kujifunza. Ila sura ya uzamivu wake ilichongwa na vita. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilikuwa na maelfu ya wanajeshi walioumia nafsi, na matabibu hawakutosha. Mwaka 1949 wakuu wa fani walikutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja. Wengine waliona utafiti unameza tiba, na mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha shahada ya udaktari wa saikolojia inayoegemea tiba zaidi. Tangu hapo Marekani ina njia mbili. Ya utafiti mara nyingi hufadhiliwa na chuo. Ya tiba mara nyingi mwanafunzi hujilipia, na gharama zake ni nzito. Zote mbili zinadai mwaka mzima wa mafunzo ya vitendo. Uingereza ina njia ya miaka mitatu, ambamo mwanafunzi hulipwa kama mfanyakazi wa huduma ya afya ya taifa, lakini nafasi hizo zinagombewa vikali na mgeni huzipata kwa nadra.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kinatoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Daystar chenye uzamivu na chuo kikuu cha USIU-Africa chenye shahada ya udaktari wa saikolojia. Kenya pia ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, hivyo anayesoma huko hujua mapema masharti ya usajili.

Maoni yangu ni kwamba Mpemba aanzie Muhimbili, hata kama ana uwezo wa kwenda mbali. Daktari wa upasuaji anaweza kujifunza kushona jeraha popote, lakini mwanasaikolojia hutibu kwa maneno. Akijifunza kusikiliza huzuni kwa Kiingereza tu, atarudi Konde akiwa mwanafunzi upya. Muhimbili mgonjwa anaeleza maradhi yake kwa Kiswahili, na msimamizi anamsikia mwanafunzi akimjibu kwa Kiswahili. Msimamizi huyo ndiye moyo wa mafunzo. Saa za vitendo bila mtu mzoefu wa kukukosoa hazimfanyi mtu kuwa mtabibu, ziwe mia au elfu.

Uzamivu uje baada ya hapo, na swali lake litoke kisiwani. Pemba si mahali pageni katika sayansi hii. Mwaka 2001 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto 614 wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Kwa miezi 12 watoto walipewa madini ya chuma, dawa ya minyoo, vyote viwili, au mfano wa dawa usio na dawa ndani yake, na wazazi wakaulizwa kuhusu hatua za watoto wao za mwendo na lugha. Chuma kilisaidia maendeleo ya lugha. Kwa mwendo kilisaidia wale tu waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Matokeo hayo yasingepatikana bila orodha ya maswali inayolingana na maisha ya mtoto wa pale. Kipimo kinachouliza kama mtoto hupanda ngazi za nyumba hakimfai mtoto ambaye kijiji chake hakina ghorofa hata moja. Kitamhesabu kuwa amechelewa, na kosa ni la kipimo. Hivi karibuni Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza vipimo vya maendeleo ya watoto wa chini ya miaka mitatu, Pemba ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu za kwanza za kuvithibitishia, pamoja na Bangladesh na Pakistan. Na Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyoanza mwaka 2000, ambapo utafiti wa kiwango cha dunia umeshakuwa kazi ya kawaida.

Kwa watu wazima Dar es Salaam ilitangulia. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walitengeneza dodoso la maswali 19 la kutambua sonona, wakichapisha matokeo mwaka 2008. Je, linampata mvuvi wa Msuka, Pemba? Hilo peke yake ni swali la tasnifu.

Lipo jingine zito zaidi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu walikufa. Wengi hawakuonekana tena. Familia iliyoswali swala ya ghaibu bila maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru hubeba msiba wa namna yake. Vitabu vingi vya tiba ya majonzi viliandikwa mbali na watu hawa. Nani ataandika jinsi mjane wa Pemba anavyokaa eda ya mume ambaye hakuzikwa, na kinachomsaidia kuinuka? Nadhani ataandika vizuri zaidi aliyekulia kisiwani humo.

Mtafiti huyo atakutana na waganga na masheikh kabla ya kukutana na wagonjwa. Wengi huanza na kisomo cha ruqya, kombe la zafarani la kunywa au mganga wa majini, na hospitali huja nyuma. Juli McGruder, Mmarekani aliyepata uzamivu wa anthropolojia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1999, alifuata familia tatu za Zanzibar zenye mgonjwa wa skizofrenia. Aliona kwamba imani ya majini na ya mitihani ya Mwenyezi Mungu iliweza kumpunguzia mgonjwa lawama: jini likitulia, mtu hurudi katika nafasi yake nyumbani. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu George Brown na wenzake London walishaonyesha kuwa mgonjwa anayerudi katika nyumba ya ukali na lawama hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Sisemi kombe linatosha. Kifafa, kwa mfano, kinahitaji dawa, na kuchelewa kunaweza kuua. Nasema mtabibu atakayemdharau sheikh atapoteza mgonjwa mlangoni.

Ugumu mwingine haufundishwi sana vyuoni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba, na bado kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Atakayefungua kliniki Mkoani atatibu jamaa, jirani na mke wa mwalimu wake. Siri ya mgonjwa lazima ipangwe kuanzia kwenye mlango: chumba kiwe ndani ya hospitali ya kawaida, kisicho na kibao cha kumtangaza anayeingia.

Kilichobaki ni ajira. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Zanzibar ni Kidongo Chekundu, Unguja, na ni rahisi kwa aliyesomea mbali kubaki Unguja au kuvuka hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo Wizara ya Afya Zanzibar na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar zifunge mkataba na msomaji kabla hajaondoka: ufadhili wa uzamili na uzamivu, tasnifu inayofanyika Pemba, msimamizi wa kumfuata kwa simu na kwa ziara, na kiti chenye mshahara Chake Chake siku atakayorudi. Nawe unayejaza fomu za chuo usiku huu, andika kwanza swali lako la Pemba katika ukurasa mmoja. Msimamizi atakayelipenda swali hilo ndiye wa kumfuata, awe Nairobi au London.